Sikio la Kushoto

Tuovi, muuza bunduki wa Kajaani,
alivipanga vipunguza sauti vitano juu ya kitambaa
kama mtu anayeuza samaki wakavu.
Hiki cha chuma: kizito, hakichakai.
Hiki cha titani: chepesi, bei yake inauma.
Hiki cha alumini, kwa mwindaji wa mara moja moja,
apigaye risasi kumi kwa mwaka, na tatu akakosa.

"Usichague kwa macho," akasema. "Kifunge,
ilenge ile saa ya ukutani,
hesabu mpaka thelathini.
Mkono ukitetemeka kabla, umenunua nanga."

Cha chuma kilinishinda kwenye kumi na tisa.
Akauliza unene wa risasi, hesi ya mtutu,
na msitu wenu je, umesongamana?
Maana kirefu kitakwama kwenye matawi,
na kifupi mno ni kofia tu: kinapendeza, hakizuii kitu.
"Na vizibo vya masikio uvae vilevile. Hiki si uchawi."
Nilitikisa kichwa.
Sikumwambia nimekuja kumnunulia baba masikio.

Miaka arobaini na mitatu Arvi, baba yangu,
alifyatua mtutu mtupu, hata pamba hakutaka.
"Mwindaji aliyeziba masikio ni gogo," alisema,
na sasa sikio la kushoto limepangwa na nyenje
asiyelipa kodi, asiyelala,
anayeimba hata Januari
wakati Kainuu nzima haina mdudu anayetembea.
Mama akimwita mezani, yeye huitikia dirisha.

Nikatoka na cha titani.
Uwanjani risasi ya kwanza ilishuka vidole viwili,
kwa kuwa mtutu uliobebeshwa mzigo husema lugha nyingine;
nikaigeuza darubini, kidogo, tena kidogo,
mpaka matundu matatu yakakaa pamoja kama mafiga.

Oktoba, hirvi alitoka kwenye kinamasi,
mnyama mrefu kama ngamia aliyenyimwa nundu,
mvuke ukimtoka puani.
Baba alikuwa hatua nne kushoto kwangu.
Nikashusha pumzi. Nikavuta.

Si kimya. Anayekwambia ni kimya hajapiga.
Risasi yenyewe bado huchana hewa,
kama shuka jipya linavyochanwa na mtu mwenye hasira.
Rimpi, mbwa wetu, aliruka wima.
Ng'ambo ya ziwa kina Karppinen walisikia,
wakapiga simu kutupongeza kabla sijafika kwenye mzoga.

Baba akanigusa bega. "Umepiga?"
"Nimepiga."
Akautazama mtutu, akacheka kama mtoto aliyeona kiinimacho:
"Kifaa hiki! Sikusikia hata chembe!"

Ndiyo, baba, nikasema. Kifaa hiki.

Usiku akakifungua yeye mwenyewe.
"Usikilaze kwenye mtutu," akanifundisha kwa sauti kubwa,
maana sasa husema na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa.
"Baruti ikiungua huacha jasho,
jasho huzaa kutu, na kutu huanzia mdomoni.
Usipoziba ufa..." Hakumalizia. Alikuwa anatafuta kitambaa.
Akakisimamisha juu ya gazeti, mdomo chini,
kando ya jiko, si juu yake,
na tone jeusi likatoka, likatua kwenye habari za hali ya hewa.
"Kimekohoa," akasema, akaridhika.
Tone moja la mafuta kwenye hesi. Moja.
Kesho kikaze kwa mkono, bila spana,
na kila baada ya risasi chache kiguse uone kama kimelegea.

Kisha akafungua daftari lake la mwaka themanini na moja:
tarehe, mnyama, uzito, risasi.
Akachora mstari mpya pembeni kwa rula,
akaandika juu yake: *Kelele.*
Na chini yake: *Hakuna.*

Chakula kilikuwa tayari. Nikamwita kutoka mlangoni, mara mbili.
Halafu nikazunguka meza,
nikasimama mbele yake, penye taa,
auone mdomo wangu.