Shamba Halina Sakafu

Alikuja nayo imefungwa kwenye kitenge
kama mtoto wa kupelekwa kliniki,
akaifungulia juu ya meza yangu:
breketi yangu mwenyewe, ya wiki mbili tu,
imepasuka penye kiungo,
udongo mweusi wa Isongole umeingia hadi ndani ya ufa.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
"Ugonile, fundi," akasema Mama Atuganile,
kisha akakaa juu ya rimu ya lori
akaningoja nimalize kuona.

Bamba lile nililikata kwenye chesisi
ya semi iliyolala Mlima Nyoka,
chuma kilichozoea kubeba shaba ya Zambia.
Nani angedhani kitashindwa na viazi?

Mashine yake ya kuchimbulia ilizaliwa kwa trekta jingine.
Siku ya kwanza zilipokutana hapa Uyole, uani kwangu,
matundu hayakuonana:
vidole vitatu kati ya pini na sikio.
Kazi ya breketi ndiyo hiyo, kuwa mshenga,
kusimama kati ya wawili wasioelewana,
kuvutwa huku, kusukumwa kule,
na arusi ikifana, hakuna anayemkumbuka.

Nami nilijivuna.
Nilichora kiolezo kwenye boksi la sabuni,
nikaweka pimamaji, kiputo kikatulia katikati,
nikapaka rangi nyekundu
hata Gwakisa, mwanafunzi wangu, akapiga mluzi.

Sasa nikaanza kutafuta wa kumtwisha:
Luku iliyokata katikati ya mshono,
fimbo za kuchomelea zilizolala na unyevu,
ukungu huu wa Juni,
dereva wake Lusajo, avutaye gia
kama anang'oa kisiki.
Mama akasikiliza zote, moja moja.
"Njoo uone," akasema.

Basi nikaenda, futi mfukoni,
na nilipofika nikasimama.
Trekta limeegemea mteremko
kama mtu aliyebeba ndoo moja.
Nyuma yake mashine inataka kushuka bondeni,
trekta linataka kupanda,
na pale katikati, mahali pa breketi,
hewa tupu, na kamba ya katani waliyojaribia.

Nilikuwa nimepima kuvutwa.
Kusokotwa sikukupima.
Nilipima juu ya saruji yangu, iliyonyooka,
na shamba halina sakafu.

Nikalala chali kwenye matuta, chini ya ile mikono mitatu,
baridi ikanipanda mgongoni,
Lusajo akawa anasogeza, hatua moja, simama, hatua moja,
nami nasoma namba kwa sauti
na Mama Atuganile anaziandika kwenye kiganja.

Ya pili niliipa mbavu mbili za pembetatu.
Tundu la juu nikalirefusha, likawa yai, si duara,
ili pini ipate pa kuhemea mteremkoni.
Nikachomelea kidogo huku, kidogo kule,
nikiacha kila mshono upoe wenyewe.
Gwakisa akaja na ndoo ya maji.
Weka chini, nikamwambia.
Chuma ukikipoza kwa haraka kinaweka kinyongo.

Rangi sikupaka.
Ufa ukija, nataka aniletee ungali unywele.

Akahesabu noti, nikamrudishia nusu,
akanirudishia nusu ya ile nusu,
tukabishana hadi akashusha debe la viazi
akaondoka kabla sijafungua mdomo.
"Ndaga, fundi." Nikabaki naangalia vumbi.

Ile ya kwanza nimeitundika msumarini juu ya grinda.
Juzi Gwakisa alitaka kuisugua, itoke udongo.
Nikasema iache.
Pimamaji bado ninayo.
Naitumia kwa madirisha.