Niko Salama

Mama alizaliwa Wete, uzee umemkuta Khasab,
na hadi leo hajakisamehe kisiwa kisicho na mkarafuu.
"Kisiwa gani hicho," huuliza, "hakina hata kisima?"

Mimi ndiye ninayetumwa huko kila miezi minne,
kubadili betri za taa,
na Hamdun wa Kumzar mwenye boti,
na sanduku la spana, na maji lita ishirini.

Viko vitatu. Waliopita zamani waliviita
Salama na Binti Zake.
Jina la kubembeleza, maana mkondo hapo unasokota,
na mwenye kukutisha humpi jina baya.
Babu zake Hamdun, asema, walitupa mchele baharini:
shika hii, Salama, tuache tupite.

Binti mkubwa amepasuka mgongo kama boflo la juzi.
Mdogo wamempaka chokaa mnandi;
harufu yake hukufikia kabla ya sura.

Gati hakuna. Wimbi likikuinua, unaruka.
Ukisita, basi.
Hamdun alisita mara moja, na goti lake halijasahau.

Juu, jua halina adabu.
Meli za mafuta zinapita, ndefu kuliko mtaa wetu,
wala hakuna anayepunga mkono.
Simu inatetemeka: Karibu Iran, bei ya dakika ni hii.
Kisha mama.

"Uko wapi?"
"Niko Salama."
"Alhamdulillahi. Nauliza uko wapi."
"Ndiyo nimekujibu, mama. Niko Salama."

Kimya. Nasikia sufuria, nasikia anavuta kiti.
"Na hao mabinti?"
"Hajaolewa hata mmoja."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Wanaonana?"

Nikatazama. Wanaonana, nikamwambia,
kutwa kucha wanaonana,
ila maji ya katikati hayana simile.

Hakumtaja Raya. Mwaka wa sita huu yuko Doha,
na sikukuu zote simu yake inatumika.
Mimi pia sikumtaja.
"Haya," akasema, "usikanyage mayai ya watu."

Nikakaza skrubu ya mwisho.
Taa hii haiwaki mchana, ina jicho linalongoja giza.
Ukitaka kuijaribu, sharti uidanganye.
Nikaliziba jicho kwa kiganja,
saa sita na robo, jua la utosini,
nikahesabu: moja, mbili, tatu.

Ikaamini ni usiku.
Ikawaka.