Kumi Toa Nne Jumlisha Tatu

Saa kumi jioni, Desemba, na Grimsby imeshafumba macho.
Mezani daftari, chumvi, kadi ya mita ya gesi,
glavu zangu zinazonuka samaki wa kiwandani.
Tatu anatafuna kalamu.
Ameandika kumi, toa nne, jumlisha tatu,
na mbele ya sawasawa, tisa.

Futa, nikamwambia.
Mimi hesabu nimezinywa kwa kiboko, Tabora, darasa la tano,
Mwalimu Msabaha akipita kati ya madawati
nasi tukiitikia kama watu wanaotwanga:
MA, mabano, maliza ya ndani kabla ya nje;
GA, gawanya; ZI, zidisha;
JU, jumlisha; TO, toa, mwisho kabisa.
Magazijuto! Nani atanidanganya?
JU yuko mbele ya TO. Nne na tatu, saba.
Kumi toa saba, tatu. Jina lako hilo, mwanangu,
jibu lilikuwa limekukodolea macho.

Hakucheka.
Aliichukua kadi ya mita, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi.
“Mama, Jumapili ulikuwa na pauni ngapi humu?”
Kumi.
“Jumatatu hita ikala ngapi?”
Nne, na baridi haikushiba.
“Leo asubuhi ukaongeza tatu, dukani kwa Bwana Pickersgill.
Haya, nenda kasome.”

Nikaenda, kiatu kimoja mguuni,
nikainama kabatini chini ya ngazi.
Mita haikusoma Tabora. Haimwogopi mtu.
Tisa.

Akanieleza polepole,
kama mtu anayemfunga mwenzake kamba za viatu:
kujumlisha na kutoa ni Kulwa na Doto,
tumbo moja, hakuna wa kumwamuru mwenzake;
tunakwenda kama tunavyosoma, kushoto kuja kulia,
aliyewahi ndiye anayehudumiwa.
Gawanya na zidisha nao vivyo hivyo.
“Foleni, mama. Kama posta.”
Zile herufi zilipangwa ili zitamkike tu.
Mdomo ndio uliotaka neno.

Miaka thelathini nimelibeba neno lile kama ufunguo wa nyumba,
sikuona kwamba mkiani limefunga juto.
Na majuto, tunajua, ni mjukuu.

Nikakumbuka hesabu nyingine, isiyo ya daftari:
mwaka ule nilivyokusanya kwanza kila deni,
la ada, la mazishi, la bati la mama,
nikalifanya fungu moja,
kisha nikajitoa.
Labda ningekwenda mstari kwa mstari, kushoto kuja kulia,
kungebaki kitu. Sijui.
Hiyo haina mita ya kwenda kuisoma.

Tatu amenisogezea daftari.
Chini ya ukurasa, kwa wino wa kijani:
mbili jumlisha tatu zidisha nne.
“Fanya wewe.”
Zamu yangu inaanza saa nne, muda upo.
Nikavuta kiti, nikaiacha mbili isubiri,
nikaanza na tatu.