Daraja Unaloomba

"Daraja gani?" akauliza karani, kalamu mdomoni,
nami nikaliona lile la magogo,
usiku wa mvua, taa tumezima,
Koplo Shemzigwa akirudi kinyumenyume mbele ya lori
na kitambaa cheupe kifuani.
Nilifuata kitambaa, sikufuata njia.
Nyuma yangu watu ishirini na wawili
walijifanya wamelala.

"Daraja D," nikasema. "Na C, ikiwezekana."

Miaka kumi na minne ya usukani haimo kwenye mfumo.
Karani alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena,
kisha akanigeuzia kioo nijionee:
Sekibaha Y. M.,
halafu nafasi nyeupe, safi
kama bweni asubuhi ya ukaguzi.
"Cha jeshi ni cha jeshi, kaka.
Huku uraiani unaanza na L."

Basi nikaanza na L.
Makorora, kwenye benchi la chuo,
bega kwa bega na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi
na mama mmoja muuza vitenge
aliyeniazima kifutio.
Na yote haya kwa sababu shemeji ana Kenta,
na machungwa ya Muheza hayangoji likizo yangu iishe.

Mwalimu Mwanakombo aliniita "Mwanajeshi"
ingawa jina langu alikuwa nalo daftarini.
"Mwanajeshi, mbona kioo hukitazami?"
Nikamweleza: kwenye msafara, nyuma yako yupo mwenzako.
Kumtazama-tazama ni kumtilia shaka.
"Huku nyuma yako ipo bodaboda," akasema,
"na haikujui."

Siku ya mtihani, Chumbageni.
Sajini Mgaya wa trafiki, ndevu bado zinajaribu.
"Afande," nikamwita.
"Afande," akaniita.
Tukabaki hapo, kila mmoja
akisubiri mwenzake akae wima.

Barabara ya Kumi na Mbili nikaanguka.
Tanga hii, baiskeli ndiyo mwenye mji,
sisi wa magari ni wapangaji.
Mimi nikapiga honi, ile ndefu,
ile ya *pisheni, serikali inapita*.
Mzee wa mikate akayumba,
boflo tatu zikalala vumbini.
Nilishuka, nikaziokota, nikalipa.
Alizipangusa kwa kanzu, akanirudishia moja:
"Hii umeinunua, baba. Kula."
Mgaya aliandika muda mrefu kuliko urefu wa kosa.
"Wiki mbili," akasema.

Nilikula boflo ile kwa chai, na mchanga wake.

Kesho yake nikaazima baiskeli ya jirani.
Mke wangu Nakijwa alicheka mpaka akashika mlango:
mwili wote huu, juu ya kiti kama kisigino!
Nikazunguka Ngamiani, nikatokea Mabawa,
na pale kwenye kona lori likanijia mgongoni
likapiga honi.
Sikuliona. Nililisikia kwenye meno.
Nikajikuta mtaroni, mguu mmoja kwenye maji meusi,
nikitukana kwa sauti
dereva aliyekwisha kupita,
dereva ambaye, Mungu anisamehe,
nilimjua vizuri.

Wiki mbili zikaisha.
Mgaya akafunga mkanda. "Washa. Twende."
"Wapi, afande?"
"Unakotaka."

Nimepelekwa mipakani, nimepelekwa mafurikoni,
nimepeleka mchele, mahema, majeneza mawili,
na hakuna siku
mtu alinipa neno hilo.
Injini inanguruma. Mkono juu ya gia.
Kushoto Raskazone. Kulia Kange, na barabara ya Segera,
na nchi nzima baada ya Segera.

Nikatazama kioo cha kati. Nikatazama cha pembeni.
Nyuma alikuwapo mtoto kwenye baiskeli ya baba yake,
mguu ameupenyeza chini ya mtalimbo,
fito za muhogo zimefungwa nyuma.
Nikamngoja apite.

Hakupita.
Alikuwa ananingoja mimi.