Chumvi

Aliyesema milima haikutani
hakuwahi kulala Murghab mwezi Septemba,
akaamka na barafu kwenye kopo la maji
na mlima wa jana uko pale pale,
au karibu na pale.

Khushruz anachimba mashimo manne, ya kwenda goti,
na la tano katikati. Udongo umegoma.
Sururu inarudi na cheche.
Kila shimo analitia chungu kidogo,
kimejaa chumvi, kimezibwa mdomo, mkia wake waya,
kisha anakanda tope kwa maji ya chumvi
na kukifukia kama anayepanda mche.

Mama Sairakan amefika na fimbo ya kuswagia yaki.
"Mnatafuta dhahabu."
"La."
"Wote husema la."

Anamweleza, kwa Kikirgizi cha kuokoteza:
hatupeleki kitu chini, mama, tunapokea tu.
Jua hupuliza upepo wake hadi hapa,
radi hupiga kwenye misitu ya joto tusiyoijua,
na ardhi, ikiguswa hivyo, hunong'ona umeme.
Jiwe kavu huukataa.
Jiwe lenye maji, jiwe lililoanza kulegea, huupitisha.
Ndivyo tunavyojua kilichoko kilomita ishirini, thelathini,
pasipofika sururu, wala mzizi, wala maiti.

"Basi mnabisha hodi."
"Anabisha mwingine. Sisi tunasikiliza nani ataitikia."

Usiku wa kwanza uliharibika:
yaki walikanyaga waya, dume mmoja akafukua chungu
akakilamba.
Wa pili, jenereta ya mkwewe;
mistari ilitetemeka tangu saa moja jioni
hadi tamthilia ilipokwisha.
Wa tatu, mama mwenyewe alizima,
akahamisha mifugo ng'ambo ya mto,
akakaa gizani, redio imenyamaza mapajani.
Ndipo ardhi ikasema.

Dushanbe, Januari. Kompyuta imekesha siku nne
ikikisia, ikikosea, ikikisia tena.
Juu, buluu: ukaidi mtupu wa mwamba.
Chini yake utepe mwekundu, mpana kuliko bonde,
si uji, si jiwe,
kitu kama unga uliokandwa ukasahauliwa chini ya kitambaa:
ukiutazama umetulia, ukirudi umehama.
Bara linasukuma kutoka kusini
na kilicholegea kinatafuta pa kwenda.

Au ndivyo anavyodhani.
Utepe huo ungeweza kuwa maji ya chumvi tu,
yamenaswa nyufani tangu enzi asizozijua mtu.
Umeme hautaji jina la mwenyeji.
Husema: hapa napita.

Juni alirudi na picha ndani ya bomba la plastiki,
akaitandaza juu ya zulia la manyoya.
Mama akabana ncha yake kwa bakuli la chai
na kuitafuta nyumba yake.
Kidole cha Khushruz kiligusa ukingo wa juu wa karatasi.
Hapakuwa na hata nukta.

Ukuta wa mashariki una ufa
tangu lile tetemeko la alfajiri
Dooronbek alipotoka kufungua zizi.
Kila kiangazi anauziba kwa samadi na udongo,
kila kiangazi unafumbuka kidogo.

"Hii nyekundu ndiyo iliyomchukua?"
"Hapana, mama. Yaliyovunjika ni haya ya juu,
yasiyojua kupinda."

Alinyamaza muda wa chai kupoa.
"Na inakwenda wapi?"
"Magharibi."
"Kwa mwaka?"
Akamwonyesha kucha ya kidole gumba.
"Basi tutafika Alichur," alisema,
"bila kulipa gari."

Kisha akatoka kukanda udongo wa ule ufa.
Safari hii, bila kumtazama mtu,
alitia chumvi kidogo.