Mizani ya Abiria

Kabla hujapanda ndege Malindi ulipimwa kwanza,
wewe na sanduku lako, na kapu la kamba wa hoteli za Nairobi
wakitikisa masharubu chini ya gunia bichi.
Mpimaji alikuwa baba yangu, Famau Shebwana:
shati jeupe, kaptula ya pasi, kalamu mbili mfukoni,
na kifuani simba wa shaba mwenye mbawa
ambaye mimi, mtoto, niliamini ndiye anayeibeba Dakota.

Bi Shirinbai wa duka la vitambaa
alikataa kupimwa mbele za watu.
Baba akageuza uso,
akaisoma sindano katika kioo cha dirisha,
kinyumenyume, akaandika bila kutamka.
Kahindi Thoya akafukuza mbuzi uwanjani,
ndege ikashuka, vumbi likapanda,
na magazeti ya jana yakawa ya leo.

Lilikuwa shirika la serikali tatu.
"Mali ya watatu ni mali ya wote," baba alisema,
"na mali ya wote ni ya atakayewahi."
Aliyasema akicheka. Mshahara ulifika tarehe ishirini na nane,
na kila mwaka tiketi moja ya bure,
ambayo mama aliitumia kwenda Entebe
kwa sababu tu hakuwa na mtu yeyote Entebe.

Usiku, daftari lile lile la uzito wa watu
alilipindua upande wa nyuma, akatunga,
nane kwa nane, akihesabu kwa vidole juu ya goti.
Mizani mchana, mizani usiku:
hakujua kazi nyingine.

Januari ya sabini na saba
redio ikasema ndege hazitaruka.
Wakubwa walikuwa wakidaiana,
huyu hajalipa, yule kazuia,
na wauza mafuta wanataka fedha mkononi.
Kesho yake baba alipaka viatu rangi,
akaenda kuiweka sindano kwenye sifuri.
Siku kumi na moja alikwenda.
Ya kumi na mbili aliwakuta mbuzi wamelala katikati ya uwanja
na Kahindi amekaa nao, hawafukuzi.
Baba akarudi na mkokoteni, juu yake mizani:
mshahara wake wa miezi miwili, wa chuma.

Miaka ilipita ndipo barua ikaja
kutoka kwa wanaogawa vilivyobaki.
Viti vingapi, makabati mangapi,
na mizani moja, nambari yake hii, irejeshwe.
Akajibu kwenye karatasi ya daftari, upande wa nyuma:

*Mizani mwaiuliza, ya kupima abiria,*
*Nami langu nauliza, mafao mlikotia,*
*Kwanza deni kutimiza, ndipo nitawaachia,*
*Chombo watatu wavunja, mmoja analipia.*

Walijibu. Mstari mmoja, umepigwa chapa:
Barua yako imepokewa na inashughulikiwa.
Baba akauhesabu kwa vidole. Akarudia.
"Kumi na nane," akasema. "Umezidi mbili.
Abiria kama huyu ningemshusha."

Haikuja nyingine.
Kila Januari alipanda juu yake, viatu mkononi:
sitini na tisa, sitini na mbili, hamsini na nne.
Yeye hakuandika. Niliandika mimi,
chini ya jina la Bi Shirinbai,
ambaye hatimaye nilijua uzito wake
na sitautaja.

Sasa ipo barazani kwangu, napimia korosho.
Sindano haifiki sifuri tena.
Fundi anasema springi imechoka,
shilingi mia tano tu ataibadilisha.
Namwambia kesho.
Wateja wameshazoea. Anasimama Kadzo na gunia lake,
anaitazama sindano ikitikisika hadi itulie,
na kabla sijafungua kinywa ananiambia:
"Toa mbili."