Daftari la Dizeli

Umeme wa Ibra haukatiki ovyo,
siwezi kuusingizia.
Lakini ukikatika, hukatika mwezi wa nane, saa nane mchana,
ukuta wenyewe unatoka jasho
na friza la Bi Shinuna lina oda ya harusi mbili.

Mwaka juzi sambusa mia sita zilimharibikia.
Hakulia. Alizihesabu akizitia pipani, moja moja,
kama mtu anayemlipa mdai.

Jenereta jipya, dukani, lilikuwa na bei
ya kumwambia muuzaji "tutaonana inshallah"
ukatoka bila kugeuka.
Basi tukawa wanne: Shinuna na friza lake,
Hemedi wa simu, Mas'udi wa nyama,
na mimi fundi cherehani, ambaye kosa langu ni mwandiko mzuri,
nikapewa daftari.

Rafiqul alilikuta Sanaiya, nyuma ya gereji,
limelaliwa na paka.
Lilikuwa la ukumbi wa harusi uliofungwa;
bado lina rangi ya dhahabu ubavuni
na ua moja la plastiki.
Mwenyewe akataka riyali mia tatu na ishirini.
Mas'udi, aliyezoea kupima,
akasema: injini ni nyama, mengine yote mifupa.
Tukalichukua kwa mia na themanini,
arubaini na tano kila kichwa.
Hemedi akaomba mafungu matatu. La tatu bado.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza tukafanya ya wageni karamuni:
kila mtu akawasha kila kitu.
Likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Rafiqul akatuketisha kama watoto wa chuo
akatusomesha ulaji wa vyombo:
taa hudokoa,
feni hula kistaarabu,
friza likiamka lina njaa ya watu watatu, kisha hushiba,
kwa hiyo mafriza yasiamshwe pamoja.
Akafika kwenye pasi yangu, akatikisa kichwa.
Hii, akasema, kwa Kiswahili alichokiokota kwetu,
hii fisi.

Nikaenda kabatini kwa mama
nikatoa pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kifuani,
aliyotoka nayo Wete akiwa na mimba yangu.
Nikalamba kidole, nikaigusa: tss.
Kanzu hazikujua tofauti.

Sasa lina kibanda cha makuti ya mtende huko uchochoroni,
moshi unakwenda kwenye wadi kavu, si madirishani mwa watu.
Kila Alhamisi tunaliunguruza dakika kumi,
maana chombo kisichopewa kazi husahau.
Nami naandika: tarehe, saa, lita, nani.
Mwandiko wangu mzuri. Nimeshasema.

Ila kuna usiku mmoja wa mwezi wa kumi
ambao humo hauonekani kwa wino.
Saa nne, giza tupu, wenzangu wamelala,
friza la Shinuna halina kitu, nyama imeisha,
na kanzu ya bwana harusi iko mezani, haina kishada,
haina hata mkono wa kushoto.
Nikaliwasha peke yangu. Lita mbili.
Nikaziandika kwa penseli, ukurasa wa mwisho,
chini ya hesabu ya vifungo.

Asubuhi Mas'udi akatia kijiti tangini,
akakitazama,
akanitazama,
akakifuta kwa kanga ya kazi. Hakusema kitu.
Hemedi, ninayemdai fungu la tatu mbele za watu,
akaniletea chai ya maziwa, yenye hiliki,
na ilikuwa moto kweli,
na umeme ulikuwa umesharudi,
na mafriza yote mawili yalikuwa yanakoroma kwa raha zao.

Nikainywa yote.
Kisha nikafungua daftari, nikatafuta kalamu ya wino,
na kwa mwandiko ule ule nikaandika:
lita mbili. Mimi.